Msaidizi wa AI ndani ya terminali: namzuiaje asiguse faili la malipo ya korosho?

karani_chuno, Mtwara

Habari za jioni wanajukwaa. Swali langu ni refu, naomba mnivumilie. Kosa lilijificha kwenye vitu vidogo, na nikifupisha mtashindwa kunisaidia.

Naishi Chuno, Mtwara mjini. Kila msimu wa korosho, minada inapofunguliwa Oktoba, vyama vya msingi vitatu vya upande wa Newala hunipa kazi ya kulinganisha daftari la mizani la kijijini na nyaraka za ghala kuu, kisha kutoa orodha ya malipo inayokwenda benki. Kwa msiotoka Kusini: mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi, zinapimwa na kupangiwa daraja, zinasafirishwa ghala kuu, zinauzwa mnadani, halafu fedha inamrudia mkulima kwenye akaunti yake makato yakishatolewa. Kati ya mizani na benki kuna mikono mingi, na mkono wa mwisho ni wangu.

Kompyuta yangu ni ThinkPad ya mtumba, RAM gigabaiti 8, nimeweka mfumo wa Ubuntu. Intaneti natoa kwenye simu. Terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri kwa maandishi, nilijifunza chuoni na sijaiacha, kwa sababu ni nyepesi, haihitaji bando kubwa, na kila amri niliyoandika naweza kurudi kuisoma. Msimu huu nikaanza kutumia msaidizi wa AI anayekaa humohumo ndani ya terminali. Si yule wa kwenye kivinjari ambaye unambandikia maandishi na kunakili majibu. Huyu unamfungua ndani ya folda, unamweleza shida yako kwa maneno ya kawaida, anasoma mafaili mwenyewe, anaandika skripti (faili la amri za kompyuta), anaomba ruhusa ya kuiendesha, anaona kosa, anarekebisha. Namwandikia Kiswahili na ananielewa. Chama cha kwanza, kazi ambayo mwaka jana ilinila siku mbili, mwaka huu niliimaliza kabla ya adhana ya alasiri. Nilishukuru sana siku ile, na bado nashukuru.

Chama cha pili ndicho kilichonileta hapa. Daftari lao la mizani lina jina na kijiji, na namba ya mkulima imejazwa nusu tu. Majina nayo hayafanani na ya benki: hapa Mohamedi, kule Muhamed; hapa Saidi, kule Said; Fatuma anakuwa Fatma. Orodha ilitakiwa benki asubuhi yake. Nikamwandikia msaidizi: "Linganisha majina yanayofanana kwenye mafaili haya mawili." Amri ya kwanza aliyoleta niliisoma, nikakubali. Ya pili nikaisoma, nikakubali. Ya kumi na ngapi sijui, nikachagua lile jibu la ndiyo, na usiniulize tena. Ilikuwa saa tano usiku, umeme umekatika, betri iko asilimia 19.

Alipomaliza aliniandikia muhtasari mzuri kwamba jumla ya kilo za mizani na jumla ya kilo za malipo zimelingana. Kweli zililingana, nilizijumlisha mwenyewe. Nilikuwa nafunga kompyuta, nikaendesha kitu kimoja cha mazoea, amri ya kuhesabu mistari:

    wc -l walioleta.csv malipo.csv

Faili la kwanza ni orodha ya watu walioleta korosho kwa mnada ule, mtu mmoja mstari mmoja, aliyonitumia karani wa mizani. Likatoa 413, yaani watu 412 na mstari wa vichwa vya safu. La malipo likatoa 406.

Kilo zote zipo, watu saba hawapo.

Nikaanza kutafuta mmoja mmoja. Mmoja wao ni bibi ninayemfahamu, ana mikorosho michache nyuma ya nyumba, alileta kilo 63. Kule kwetu jina kama Somoe, kijiji kimoja unaweza kuwapata sita, na hapo wawili baba zao nao wana jina moja. Msaidizi aliona majina yanakaribiana, akawafanya mtu mmoja. Kilo 63 za bibi zilikuwa zimeingia kwa Somoe mwingine mwenye kilo 1,140. Ukimtazama huyo wa pili peke yake huoni kitu chochote, kilo 1,203 ni mavuno ya kawaida kabisa. Bibi asingelipwa, angekuja ofisini, angeambiwa jina lake halipo.

Nikazidi kuchimba. Akaunti zinazoanza na 0 zilikuwa zimepoteza hiyo 0, kwa sababu skripti ilisoma safu ya akaunti kama namba. Halafu nikafungua mizani.csv, faili la asili, nikakuta limeandikwa upya kwa majina "yaliyosahihishwa". Aliendesha sed -i juu yake, amri inayobadili maandishi kwenye faili lenyewe, na mimi ndiye niliyempa ruhusa ya jumla. Kilichoniokoa ni flashi niliyonakilia mchana. Orodha haikwenda benki asubuhi ile. Nilipiga simu nikaomba siku moja, nikaeleza sababu.

Sasa naombeni mnisaidie. Namzuiaje asiguse mafaili ya asili, hata siku nikiwa nimechoka nikakubali nisichokisoma? Na kuna hili linalonikosesha usingizi zaidi: msaidizi anasoma faili hapa Chuno, lakini modeli yenyewe, yaani ubongo wake, iko kwenye seva za mbali. Majina, simu na akaunti za watu wazima 412 vimepita huko, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Je, kwa RAM ya gigabaiti 8 naweza kuendesha modeli humu humu ndani, bila kitu kutoka nje?

Sitaki kuambiwa niache kabisa. Kazi ni nyingi na siku ni chache, na wakulima wanasubiri fedha yao.

mpita_mikindani, Mtwara

Kwa nini usifungue tu kwenye Excel ukapanga kwa alfabeti?

karani_chuno, Mtwara

Ahsante kaka. Nilianzia huko miaka ya nyuma. Ukifungua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) moja kwa moja, Excel inaondoa sifuri ya mbele kwenye akaunti na kwenye namba za simu, na tarakimu zikizidi 15 zinazozidi inazigeuza sifuri. Unaweza kuizuia ukiingiza safu kama maandishi, lakini akilifungua mtu mwingine njiani akalihifadhi, imekwisha. Kosa la akaunti ndilo lilelile.

fundi_ligula, Mtwara

Dada, pole, na hongera kwa kuhesabu watu. Wengi tungeishia kwenye kilo.

Nianze na lile la kuzuia. Tenga folda mbili, moja ya asili na nyingine ya kazi, na upige muhuri kabla msaidizi hajafunguliwa:

    mkdir asili kazi
    mv mizani.csv akaunti.csv walioleta.csv asili/
    sha256sum asili/*.csv > ~/muhuri.txt
    chmod a-w asili/*.csv asili

Muhuri ni ile sha256sum. Inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 kwa kila faili, na ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili, mfuatano wote unageuka. Ukimaliza kazi unaendesha sha256sum -c ~/muhuri.txt ukiwa kwenye folda ileile uliyopigia muhuri, nayo inakuambia faili gani ni salama na lipi limeguswa. Usiuweke muhuri ndani ya folda ambayo msaidizi anafanyia kazi.

Tazama mstari wa mwisho, wa chmod, unaoondoa ruhusa ya kuandika. Nimefunga mafaili na nimefunga folda pia, na nina sababu. Watu wengi wanafunga faili peke yake wanadhani wamemaliza. Lakini sed -i haiandiki ndani ya faili lile lile. Inatengeneza faili jipya pembeni, halafu inalipa jina la lile la zamani. Kinachohitaji ruhusa hapo ni folda. Ukiacha folda wazi, faili lako lililofungwa litabadilishwa na hutaona hata onyo. Jaribu mwenyewe kwa faili la mchezo, utaona.

Hata hivyo hiyo bado si kufuli kamili. Msaidizi anafanya kazi kwa jina lako. Ulichofunga wewe kwa chmod, naye anaweza kukifungua kwa chmod, na nimewahi kumwona mmoja akifanya hivyo kwa nia njema kabisa, amekwama kwenye ruhusa akaamua "kurekebisha". Kufuli la kweli ni kumpa mtumiaji wake:

    sudo adduser msaidizi
    su - msaidizi

Ubuntu tangu toleo la 21.04 inafunga folda ya nyumbani ya kila mtumiaji isisomwe na wengine. Kwa hiyo msaidizi akifunguliwa ndani ya akaunti hiyo, mafaili yako hayaoni, achilia mbali kuyaandika. Usimpe sudo, yaani mamlaka ya kufanya lolote kwenye kompyuta. Unachotaka akione, unampelekea nakala wewe. Alichoandika, unakwenda kukichukua wewe kwa sudo cp. Ni hatua mbili zaidi, lakini saa tano usiku betri ikiwa asilimia 19 hazihitaji uwe makini. Ndiyo maana nazipenda.

Ndani ya folda ya kazi weka git, programu inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko ya mafaili. Andika git init, kisha git add -A na git commit kabla ya kila ombi kubwa. Baada ya hapo git diff inakuonyesha kila mstari alioongeza na aliofuta. Aider, mmoja wa wasaidizi hawa wa terminali, inafanya hivyo yenyewe, kila badiliko inaliwekea komiti (kumbukumbu yake). Nyingine zina hali ya kusoma tu: Claude Code unabonyeza Shift+Tab mpaka hali ya mpango, anasoma na kupendekeza bila kubadili kitu, Codex unaifungua kwa --sandbox read-only. Tumia hali hizo kwa maongezi yote ya mwanzo. Na karibu zana zote hizi zina namna ya kuruka ruhusa zote kwa mpigo. Kwenye kompyuta yenye akaunti za watu usiiguse hata siku moja.

Kuna pia faili la maelekezo, CLAUDE.md au AGENTS.md au GEMINI.md kutegemea unatumia ipi. Andika humo "usiunganishe majina, usibadili folda ya asili". Litasaidia. Ila lichukulie kama maagizo unayomwachia kijana wa dukani ukienda safari: mara nyingi atayafuata, na ufunguo wa kabati unaondoka nao wewe.

mwalimu_lindi, Lindi

Fundi amemaliza habari ya kufuli, mimi niongelee hilo la taarifa za watu, maana ndilo lililonifanya nijibu.

Dada, una haki ya kukosa usingizi. Hizi zana, faili analolisoma msaidizi linakuwa sehemu ya maongezi, na maongezi yanakwenda kwenye seva. Tena hayaendi mara moja. Kila unapomwandikia neno jipya, yaliyotangulia yanapelekwa tena pamoja nalo. Na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Usisubiri uulizwe.

Lakini angalia kazi yako kwa karibu. Msaidizi hakuhitaji kumjua Somoe yeyote. Ulichohitaji kwake ni skripti, na skripti inaandikwa kwa kujua umbo la faili. Mpe vichwa vya safu:

    head -1 asili/mizani.csv

na mistari kumi na miwili ya uongo uliyoitunga wewe. Anaandika skripti kwa hiyo mistari, anaijaribu kwa hiyo mistari, wewe unaichukua na kuiendesha kwa mafaili ya kweli ndani ya akaunti yako, yeye akiwa hayupo.

Mistari ya uongo ndipo kazi ilipo. Wengi wanatunga "Mkulima 1, Mkulima 2, Mkulima 3", kila kitu kimenyooka, skripti inapita vizuri kabisa, halafu inavunjika kwenye daftari la kweli. Tunga mistari yenye ugumu wote wa daftari lako. Weka akaunti inayoanza na 0. Weka watu wawili wa jina moja kijiji kimoja. Weka Mohamedi na Muhamed ambao ni mtu mmoja, na Saidi na Said ambao ni watu wawili. Weka jina lenye mkato ndani yake, kilo iliyoachwa wazi, mtu aliyepima mara tatu. Halafu mwambie mambo mawili: kila safu isomwe kama maandishi (kama ni pandas, maktaba ya Python ya majedwali, dtype=str), kilo igeuzwe namba mwishoni tu wakati wa kujumlisha; na jina lisipolingana herufi kwa herufi, skripti isiamue. Iandike mistari hiyo kwenye faili la pembeni, liite utata.csv, na ikome hapo. Kuamua Somoe yupi ni yupi ni kazi ya mtu anayewajua.

Kuhusu modeli ya ndani. Ndiyo, inawezekana kwa gigabaiti 8. Weka Ollama, programu ya kuendesha modeli kwenye kompyuta yako, kisha pakua modeli ya qwen2.5-coder:3b, ni kama gigabaiti 1.9; pakua usiku kwa kifurushi cha usiku. Ile kubwa zaidi, ya vigezo bilioni 7, ni gigabaiti 4.7, itaingia kwenye RAM yako lakini kivinjari kikiwa wazi kompyuta itasota. Ninayo ya bilioni 3 hapa nyumbani Lindi na naitumia hata mtandao ukiwa haupo. Mwaka 2024, Mei, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikasinzia nchi nzima, ndipo nilipoanza kufikiria kuwa na kitu cha ndani.

Nikueleze ukweli wake. Ukiiuliza amri moja ya awk (ya kuchambua mistari na safu), au maana ya kosa fulani, inajibu vizuri. Ukiipa kazi ya hatua sita, hatua ya nne imesahau ya kwanza. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo kwayo naandika Kiingereza. Na bila kadi ya picha maneno yanatoka pole pole, jibu refu unaweza kubandika birika la chai jikoni ukarudi halijaisha. Kama mafaili ya kweli lazima yasomwe na modeli, basi yasomwe na hiyo. Kama unafuata njia ya mistari ya uongo, endelea tu na msaidizi wako mkubwa.

Na endelea kumwandikia Kiswahili. Kinakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inahesabu) zaidi ya Kiingereza kwa maneno yaleyale, lakini utakuwa na hakika ya ulichoomba. "Linganisha yanayofanana" ulimaanisha kagua. Yeye alielewa sawazisha. Kosa hilo ungelifanya zaidi kwa lugha usiyoiota usiku.

katibu_mstaafu, Newala

Hamjambo wanangu. Mjukuu wangu amenisomea haya na yeye ndiye anayeniandikia. Mambo ya terminali siyajui. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi miaka mingi, tangu kabla stakabadhi ghalani haijaingia kwenye korosho mwaka 2007, na la majina ninalijua.

Binti, kwetu jina peke yake halimtoshi mtu. Mzee anaitwa kwa jina la babu yake, babu yake kwa jina la babu yake, mnazunguka humohumo. Ukitaka kumjua mtu unauliza: wa kitongoji gani, shamba lake liko upande gani, mama yake nani. Karani wa mizani anayajua yote hayo kichwani, kwa hiyo anaandika jina tu, kwake linatosha. Kompyuta yako haikai pale kwenye mizani.

Lakini kuna kitu ambacho hujakitaja hata mara moja, nimemwambia mjukuu arudie kukusoma nihakikishe. Risiti. Kila mkulima akipima anakatiwa risiti, ina namba iliyochapwa kiwandani, haiandikwi kwa mkono. Nakala moja anaondoka nayo, moja inabaki kitabuni. Bibi yako wa kilo 63 anayo, ameifunga kwenye pindo la kanga au ameitia kwenye kopo la maharage. Hakuna risiti mbili za namba moja. Kwa nini mnalinganisha majina wakati namba ipo?

Najua jibu: daftari la mizani lina safu ya risiti na karani haijazi, anasema itamchelewesha foleni. Wakati wangu nilikuwa nakataa kusaini ukurasa usio na namba za risiti. Walinichukia, lakini watu walilipwa.

Na jingine. Orodha isiende benki kabla haijabandikwa ukutani ofisini siku mbili. Jina, kitongoji, kilo. Akaunti usiweke, hiyo ni siri ya mtu. Watu watakuja wenyewe, wasiojua kusoma wataleta watoto wao. Mkulima kilo zake anazijua kuliko mashine yoyote.

mpita_mikindani, Mtwara

Shikamoo mzee. Mimi niliyesema Excel nimejifunza.

karani_chuno, Mtwara

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Nimekawia kurudi kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia, nikataka nirudi na matokeo.

Mzee, la risiti limenigusa, maana safu hiyo nilikuwa naiona kila siku iko tupu na nikaizoea. Nilimpigia karani wa mizani. Hakukataa. Alipiga picha kurasa za vitabu vya risiti akanitumia kwa WhatsApp, picha 27. Mtoto wa dada yangu alikaa pembeni ananisomea namba kwa sauti, mimi naandika, mistari 638, siku moja na nusu. Risiti nne zilikuwa zimelowa hazisomeki. Hizo nimeziacha wazi, sikukisia.

Fundi, akaunti ya msaidizi nimeitengeneza. Nilijaribu pia ile ya sed -i kwa faili la mchezo, faili limefungwa na folda iko wazi, na kweli ilipita kimya kimya. Sikuwa na habari kabisa.

Mwalimu, mistari ya uongo nimetunga kumi na minne. Ilinichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu kila nikitunga mmoja nakumbuka shida nyingine ya daftari. Nilimweleza msaidizi: linganisha kwa namba ya risiti, kila safu ni maandishi, ukishindwa andika utata.csv na uendelee, usiunganishe watu. Nilianza na hali ya mpango, akanieleza atakachofanya kwa hatua, nikamsahihisha mahali pawili kabla hajaandika hata mstari.

Skripti ilikuja ya mistari 71. Safari hii niliisoma yote, mchana, nimekunywa chai. Na nikakuta kitu kwenye mstari wa 22 nataka mkijue. Aliweka drop_duplicates() juu ya jina, tarehe na kilo, na maelezo pembeni kwamba anaondoa mistari iliyorudiwa. Inaonekana ni usafi tu. Lakini mkulima akileta magunia mawili siku moja, kila gunia likapimwa peke yake na yote mawili yakawa kilo 80, hiyo si mistari iliyorudiwa, hayo ni magunia mawili. Mstari wa 22 ungemnyang'anya gunia zima. Nilimuuliza msaidizi kwa nini ameuweka, akakubali kwamba sikuomba, akaubadilisha ufuate namba ya risiti. Kisha nikaongeza mstari wa 15 kwenye data ya uongo: mtu mmoja, siku moja, kilo 80 mara mbili, risiti tofauti. Hautatoka tena humo, vyama vyote vitatu.

Niliichukua skripti kwa sudo cp, nikamfunga msaidizi, nikaiendesha kwa mafaili ya kweli nikiwa nimezima data ya simu.

Watu 412, pamoja na walio kwenye utata.csv. Kilo zimelingana. Akaunti zenye 0 mbele zimebaki na 0. Bibi ana kilo zake 63, mstari wake peke yake. Utata.csv ina mistari tisa: zile risiti nne zilizolowa, na watano ambao namba ya risiti iliyo kwenye faili la benki haipo kwenye kitabu chochote. Hao watano nadhani walihama chama, lakini sitaandika ninavyodhani.

Mzee, nilimweleza mwenyekiti kuhusu kubandika ukutani. Alisita, akasema itachelewesha malipo siku mbili na watu watalalamika. Nikamsomea ujumbe wako wote kwenye simu. Amekubali kwa mnada huu. Nimechapisha kurasa kumi na moja kwa maandishi makubwa, jina, kitongoji na kilo tu, na ile mistari tisa nimeiandika kwa mkono kwenye karatasi ya peke yake ili niwaulize hapo hapo.

Chama cha tatu nitauliza tena hapa, daftari lao ni la penseli.

Kabla sijafunga kompyuta nimeendesha muhuri:

    asili/akaunti.csv: OK
    asili/mizani.csv: OK
    asili/walioleta.csv: OK

Basi la Newala linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Gundi na karatasi nimeshaweka kwenye begi.